Injini Kubwa za Roketi za Mfano: Jinsi ya Kuzifunga, Kuzirusha na Kukaa Salama Zikipasuka

Injini ya roketi ya daraja la K hubeba takriban kilo moja ya fueli yabisi, na yote hiyo huisha kwa sekunde chache tu. Inapoungua, ndani ya bomba la alumini lenye unene wa milimita chache kuna gesi ya joto linalozidi nyuzi 2,000 za Selsiasi, na presha inaweza kufika bar 30 hadi 60. Tairi la gari dogo hujazwa bar 2 hivi. Mtu awe na hesabu hiyo kichwani kabla hajafungua kopo la grisi.

Mwongozo huu ni wa aliyekwisha kurusha roketi ndogo na sasa anataka kupanda daraja. Kanuni ninazozieleza ni za Marekani, kwa sababu huko mchezo huu una vyama vya muda mrefu, viwango vilivyoandikwa na injini zinazopimwa kabla ya kuuzwa. Ushauri wangu mkuu ni huu: kila hatua ipange ukichukulia kwamba injini itapasuka. Ukipanga hivyo, siku itakapopasuka kweli utapoteza roketi na fedha, na watu watarudi nyumbani wazima.

Hatua ya 1: Soma herufi na namba

Herufi ya injini inaeleza jumla ya msukumo wake, yaani nguvu ikizidishwa kwa muda wa kuungua, kwa kipimo cha niutoni-sekunde. Kila herufi huongeza kiwango mara mbili. G huishia 160, H 320, I 640, J 1,280, K 2,560, L 5,120, M 10,240. Kwa hiyo anayetoka H kwenda M hajapanda ngazi tano za kawaida. Amezidisha jumla ya msukumo mara 32.

Namba inayofuata herufi ni wastani wa msukumo kwa niutoni. Injini iliyoandikwa J350W ni ya daraja la J, inasukuma kwa wastani wa niutoni 350, na W ni alama ya aina ya fueli ya mtengenezaji. Namba ya mwisho, ikiwepo, ni sekunde za kusubiri kati ya fueli kuisha na baruti ya kutoa parachuti kulipuka.

Injini huhesabiwa kuwa ya nguvu kubwa ikizidi niutoni-sekunde 160, au wastani wa msukumo ukizidi niutoni 80, au fueli ikizidi gramu 125. Watu wengi husahau vigezo viwili vya mwisho. Injini ya G yenye msukumo mkali inaweza kukuingiza kwenye kundi la nguvu kubwa bila wewe kutambua.

Huko Marekani vyeti hutolewa na vyama viwili vya warusha roketi: Tripoli, na NAR (National Association of Rocketry) kilichoanzishwa mwaka 1957. Ngazi ya kwanza inaruhusu H na I, ya pili J, K na L, ya tatu M, N na O. Ngazi ya pili ina mtihani wa kuandika, na zote zinadai urushe roketi na kuirudisha ardhini salama mbele ya wakaguzi. Usiione kama urasimu. Mtu aliyekagua roketi nyingi huona kwa dakika mbili kosa ambalo wewe umekaa nalo mwezi mzima bila kuliona.

Hatua ya 2: Elewa kwa nini injini hupasuka

Hapa nitakaa kwa muda, kwa kuwa asiyeelewa sehemu hii atafuata hatua zinazobaki kama kasuku na ataruka moja siku akiwa na haraka.

Fueli ya injini hizi kwa kawaida ni chembe za amoniamu perkloreti na unga wa alumini zilizoshikanishwa kwa mpira. Humwagwa katika vipande vya duara vyenye tundu katikati, na moto huungua kwenye nyuso zilizo wazi tu. Presha ndani ya bomba inategemea uwiano kati ya eneo linaloungua na ukubwa wa koo la nozeli, pale gesi inapotokea. Eneo likiongezeka au koo likipungua, presha hupanda. Na haipandi kwa kiwango sawa, kwa sababu fueli yenyewe huungua haraka zaidi presha inapokuwa juu. Chukua fueli ambayo kipeo chake cha uunguaji, yaani namba inayoonyesha jinsi kasi ya kuungua inavyofuata presha, ni 0.4. Eneo linaloungua likiongezeka kwa nusu tu, presha inakaribia kuwa maradufu.

Sasa fikiria ufa ndani ya kipande cha fueli. Ufa ni nyuso mbili mpya ambazo mtengenezaji hakuzihesabu. Moto unaingia humo, eneo linaongezeka ghafla, presha inaruka, na kitu dhaifu kuliko vyote kinaachia. Kikiwa kizibo cha nyuma, nozeli inatupwa chini na fueli inayowaka inamwagika kwenye reli, ile nguzo inayoiongoza roketi inapoanza kuruka. Kikiwa kizibo cha mbele, moto unapanda ndani ya roketi na kutoboa parachuti, vyombo na pua. Likiwa bomba lenyewe, linachanika ubavuni. Matokeo ni yale yale fueli ikiwa na mapovu ya hewa ndani, nozeli ikizibwa na kipande kilichomeguka, au mtu akiweka nozeli isiyo ya fueli ile.

Jambo hili halichagui ukubwa. Tarehe 17 Januari 1997 roketi ya Delta II iliruka kutoka Cape Canaveral, na sekunde 13 baadaye kasha la moja ya injini zake za fueli yabisi za pembeni likapasuka. Vipande vinavyowaka vilinyesha juu ya eneo la kurushia na kuteketeza magari yaliyoegeshwa. Waliokuwa ndani ya jengo la udhibiti lililo karibu walinusurika kwa sababu jengo lilijengwa kwa kutarajia siku kama hiyo.

Njia ya pili ya kuharibika ni kuvuja. Kati ya vizibo na bomba kuna oringi, mpira mwembamba unaozuia gesi. Ukiwa umekatika, umekauka, una uchafu au umepindana, gesi hupenya, na gesi ya joto lile hukata alumini kwa muda mfupi sana. Chombo cha anga za juu cha Marekani, Challenger, kilipotea tarehe 28 Januari 1986 kwa oringi zilizokuwa ngumu kwa baridi katika maungio ya injini yake ya fueli yabisi ya kulia. Oringi ya injini yako ni ndogo mara nyingi zaidi, lakini kazi yake ni hiyo hiyo.

Ya tatu ni kuwaka kwa kusitasita. Kiwashio kikiwa dhaifu au kikiwa hakijafika juu, fueli inaungua sehemu ya chini tu, presha haitoshi, moto unafifia, unarudi, unafifia tena. Roketi inakohoa moshi juu ya reli. Watazamaji hucheka na kusogea mbele. Wakati huo huo injini inaweza kushika ghafla na kuiondoa roketi ikiwa na msukumo nusu, na roketi yenye mwendo mdogo hulala upande na kwenda inakotaka.

Ya nne haina kishindo, na kwa maoni yangu ndiyo ya kuogopwa kuliko zote: injini inaungua vizuri, roketi inapanda, kisha baruti ya parachuti hailipuki. Kitu cha kilo kadhaa chenye pua iliyochongoka kinarudi kikiwa kimya kwa kasi ya kutisha. Injini inayopasuka kwenye reli iko mbali nawe na unajua iliko. Roketi inayorudi bila parachuti inaweza kuangukia popote kiwanjani.

Hatua ya 3: Nunua kilichopimwa, kihifadhi vizuri

Tumia injini zilizothibitishwa tu, kama za AeroTech, Cesaroni au Loki, na usichanganye vipuri vya mtengenezaji mmoja na bomba la mwingine isipokuwa mchanganyiko huo wenyewe umethibitishwa. NAR hairuhusu kabisa injini za kutengeneza nyumbani. Tripoli ina siku maalumu za utafiti kwa waliohitimu. Kama hujafika huko, usijaribu jikoni wala gereji. Vijana wanaofuata video za mtandaoni hushawishika kuanza na jambo hili, na ndilo linalokata vidole.

Hifadhi fueli mahali pakavu penye joto lisilobadilika sana, ndani ya kifungashio chake. Injini za baruti nyeusi zilizoshindiliwa, zile ndogo za kadibodi, huumia zaidi kwa joto na baridi vinavyopishana: baruti inasinyaa, inaachana na kuta au kupata ufa, na siku ya kurusha inapasuka. Usiziache kwenye gari lililo juani. Iliyodondoka sakafuni iweke kando, hata kama kwa nje haina alama.

Usivute sigara wala kuwasha moto ndani ya mita 8 za injini yoyote. Umeme tuli nao si wa kupuuzwa kwenye hewa kavu. Kabla ya kushika kiwashio au baruti ya parachuti, gusa chuma kilichounganishwa na ardhi. Tarehe 22 Agosti 2003 huko Alcântara, Brazil, injini moja ya roketi ya VLS-1 iliwaka bila kuamriwa wakati mafundi wakiwa mnarani, na watu 21 wakafa. Kila mara ninapomwona mtu ameinama juu ya roketi iliyokwisha kuwekwa kiwashio, nakumbuka mnara ule.

Hatua ya 4: Funga injini mezani

Fanya kazi hii nyumbani au kwenye meza tulivu, si juu ya boneti la gari watu wakikusemesha. Kama ni injini yako ya kwanza ya kujaza upya, kaa na mtu aliyezizoea, na yeye asishike kitu. Awe anatazama tu.

Anza na karatasi ya maelekezo ya kifurushi hicho hicho. Usitegemee ya mwaka jana wala kumbukumbu, kwa kuwa watengenezaji hubadilisha vipuri. Panga kila kipande kwenye kitambaa cheupe na ukihesabu dhidi ya orodha. Kikikosekana kimoja, kazi imeishia hapo.

Kagua bomba. Pitisha ukucha ndani na nje kutafuta mikwaruzo mirefu, tazama kama ni duara kamili, angalia nyuzi au mifereji ya pete za kufungia. Masizi ya safari iliyopita yaondolewe yote, hasa pale oringi zinapokaa. Kisha tazama vipande vya fueli kimoja kimoja chini ya mwanga: ufa, kingo zilizomeguka, mapovu, sehemu iliyoachana na ganda lake. Ukiona shaka yoyote, kirudishe kwa muuzaji. Usibandike gundi.

Oringi ziwe mpya, zile zilizomo kwenye kifurushi. Zivute kidogo kwa vidole ukizizungusha ili mkato wowote ujionyeshe. Zipake grisi iliyotajwa na mtengenezaji, kiasi cha kung'aa tu. Grisi nyingi haiongezi usalama. Isiguse nyuso za fueli wala kichelewesho, kile kipande kinachohesabu sekunde kabla ya parachuti. Hitilafu nyingi za parachuti kutoka mapema au kutotoka huanzia kwenye kizibo cha mbele: oringi ya kichelewesho imesahaulika, imewekwa upande usio wake, au moto umepenya pembeni yake.

Vipande vikishaingia, funga vizibo kwa mkono mpaka vikae mahali karatasi inapoonyesha. Ukikutana na ukinzani kabla ya hapo, fungua utafute sababu. Kulazimisha kwa spana huficha oringi iliyobanwa vibaya, na oringi hiyo ndiyo itakayovuja.

Baruti ya parachuti iweke mwisho. Kuanzia hapo vaa miwani ya kinga na uso wako usiwe tena mbele ya mwisho wowote wa injini. Kiwashio hakiingizwi mezani. Kinabaki mfukoni, nyaya zake zikiwa zimesokotwa pamoja, hadi roketi isimame kwenye reli.

Hatua ya 5: Linganisha injini na roketi

Kanuni inasema uzito wa roketi wakati wa kuruka usizidi theluthi ya wastani wa msukumo. Roketi ya kilo 5 ina uzito wa niutoni 49 hivi, kwa hiyo inahitaji angalau niutoni 147. Mimi ningetaka mara tano, karibu niutoni 245, hasa upepo ukiwepo. Roketi inayoondoka kwenye reli polepole haina hewa ya kutosha kwenye mapezi yake kuishika wima. Upepo ukizidi kilomita 32 kwa saa hakuna kurusha, na reli isielekezwe zaidi ya nyuzi 20 kutoka wima.

Kwa roketi nzito tumia altimita, kifaa kinachopima kimo, ya kutoa parachuti, na ikiwezekana mbili zenye betri tofauti, huku baruti ya injini ikibaki kuwa akiba. Injini moja yenye kichelewesho kibaya haitakuangusha ukiwa na njia ya pili.

Hatua ya 6: Kiwanjani, umbali ndio kinga

Hakuna vazi wala ngao ya mbao inayolingana na umbali. Jedwali la NAR linataka watu wakae angalau mita 30 kutoka roketi ya H, I au J, mita 61 kwa K, 91 kwa L, 152 kwa M, 305 kwa N na 457 kwa O. Roketi yenye injini kadhaa, au yenye hatua zaidi ya moja, yaani injini zinazowaka kwa kupokezana, inadai zaidi: kwa J ni mita 61, kwa M ni 305. Hesabu kwa jumla ya msukumo wa injini zote zilizomo, si kwa ile kubwa peke yake.

Chini ya reli weka bamba la chuma la kupokea moto, na ondoa nyasi kavu katika duara la kipenyo cha mita 15 kwa J na chini yake, mita 23 kwa K, 30 kwa L. Fueli zenye vipande vya titani, zile zinazotoa cheche nyingi za kupendeza, zinataka duara hilo liongezwe mara moja na nusu. Nazishauri kwa kiwanja kilicholowa tu.

Mpangilio kwenye reli ni huu, na haubadilishwi. Kwanza wote wasiohitajika waondoke. Roketi isimamishwe wima. Altimita ziwashwe na zisikilizwe milio yake. Baada ya hapo ndipo kiwashio kiingizwe, mpaka kiguse mwisho wa juu wa tundu la fueli, kisha kivutwe kidogo sana na kushikizwa. Kifuniko cha plastiki cha nozeli kinachoshikilia waya lazima kiwe na tundu la kupitisha gesi. Kabla ya kubana nyaya za umeme kwenye kiwashio, zigusanishe zenyewe kwa zenyewe: cheche ikitokea, kuna umeme usiotakiwa, na kazi inasimama. Funguo ya kisanduku cha kurushia iwe mfukoni mwa anayefanya kazi hii.

Kabla ya kuhesabu, tazama angani kwa ajili ya ndege, tangaza kwa sauti, kisha hesabu angalau sekunde tano. Kila mtu asimame akitazama. Aliyeketi kwenye kiti akiangalia simu hawezi kukwepa kitu kinachoanguka.

Hatua ya 7: Isipowaka

Toa funguo au betri, kisha subiri sekunde 60 kuanzia jaribio la mwisho. Kama kulikuwa na moshi au mkohoo, mimi husubiri zaidi ya hapo. Aende mtu mmoja tu, akikaribia kutoka upande wa reli ambao roketi haikuelekea. Azime altimita kwanza, ndipo atoe kiwashio. Mara nyingi utakuta kimeungua bila kuwasha fueli, na sababu ni kwamba hakikufika juu. Weka kipya, anza upya mpangilio wote.

Hatua ya 8: Ikipasuka

Usikimbilie reli. Vipande vya fueli vilivyotawanyika huendelea kuungua, na baruti ya parachuti inaweza kuwa bado nzima ndani ya mabaki. Fueli inayowaka haizimwi kwa mchanga wala mtungi wa unga, maana inabeba oksijeni yake yenyewe. Iache iishe. Maji na mitungi vielekezwe kwenye nyasi na vitu vilivyo jirani. Moshi wake una haidrojeni kloridi inayochoma macho na mapafu, hivyo simama upande upepo unakotoka.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya bomba kwa dakika 20. Usipake mafuta, dawa ya meno wala siagi. Kipande cha chuma kilichoingia mwilini kisichomolewe. Kifungwe kilivyo, mgonjwa apelekwe hospitali.

Kukishatulia, piga picha kabla ya kuokota. Kizibo kilichotoka kikiwa na nyuzi zilizochanika kinaeleza presha kubwa. Tundu dogo lenye kingo zilizoyeyuka ubavuni mwa bomba linaeleza kuvuja. Masizi yaliyopita oringi yanaonyesha ni ipi iliyoshindwa. NAR hukusanya taarifa za injini zilizoharibika, na mtengenezaji naye hupaswa kuambiwa, pamoja na namba ya kundi iliyo kwenye kifurushi. Kundi lenye dosari hugundulika kwa sababu watu kadhaa katika viwanja tofauti waliandika.

Kwa walio Afrika Mashariki

Roketi za fueli yabisi si ngeni kwetu. Roketi za Scout ziliruka kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi, na tarehe 12 Desemba 1970 mojawapo ilipeleka angani setilaiti iliyopewa jina Uhuru. Leo wanafunzi wa mradi wa Nakuja pale JKUAT, chuo kikuu cha Jomo Kenyatta nchini Kenya, wanajenga roketi zao wenyewe. Anayetaka kuingia humu aingie kupitia chuo au kikundi kinachotambulika. Fueli na baruti zinaangukia kwenye sheria za vilipuzi, na anga ina mamlaka yake ya usafiri. Vibali vya pande zote mbili viwepo mkononi kabla ya kuagiza chochote. Kifurushi cha fueli ni mzigo hatari kisheria, wala hakipandi ndege ndani ya begi la nguo.

Na bomba lililovimba, lililopasuka au lililotobolewa na gesi lisirudi kazini hata kama linaonekana kunyooka. Likate vipande viwili kwa msumeno kabla ya kulitupa, ili mtu mwingine asije akaliokota, akalisafisha na kulijaza.